Mke wangu anaiita Land Rover ya baba "Bi Mkubwa"

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, naishi Usa River na kazi yangu iko Arusha mjini. Baba yangu alikuwa bwana shamba kule Mbulu. Alipostaafu mwaka 1994 alinunua mnadani Land Rover Series III, mia na tisa (ile ndefu), ya petroli, ya mwaka 1982. Alipofariki mwaka 2015 mama alinikabidhi ufunguo mbele ya ndugu zangu. Tangu hapo ndilo gari letu la kila kitu: kazini, shuleni, sokoni, kanisani. Mke wangu ana leseni, lakini usukani na klachi ya Land Rover humshinda, hivyo dereva ni mimi tu.

Mwaka huu imenisumbua sana. Gasketi iliungua, silinda hedi ikapinda, nikalipa milioni 1.8. Nyumbani nilisema ni laki nne. Mwezi uliopita ikazimika Tengeru, asubuhi ya mtihani wa moko wa binti yetu wa darasa la saba. Mama yake akamkimbiza kwa bodaboda kwenye mvua. Jioni, akitoa vitu ndani ya gari, akaikuta risiti ya fundi kwenye boksi la spana chini ya kiti. Tangu siku hiyo anaiita Land Rover "Bi Mkubwa", na anasema nichague.

Kuna mtu wa Mererani anataka kunipa milioni 9 taslimu. Mimi natamani kununua Toyota IST, gari dogo, na kubaki na Land Rover. Nina akiba ya milioni 6 na Saccos yetu itanikopesha 6 nyingine. Rafiki zangu wanasema mtu wa kipato changu hawezi kufuga magari mawili. Binti yangu, niliyekwenda naye kwenye tamasha la Land Rover hapa Arusha Oktoba 2024, analia kila akisikia habari ya kuuza. Kadi ya gari bado ina jina la marehemu baba. Nifanyeje, Shangazi?

Mtoto wa Bwana Shamba, Usa River

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa yote.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara jicho langu limetua pale karibu na mwisho: kadi bado ina jina la marehemu baba. Umelitaja kama jambo la kupita tu. Mimi naanza nalo.

Gari ambalo kadi yake ina jina la marehemu ni sehemu ya mirathi. Mama kukukabidhi ufunguo mbele ya ndugu zako ni heshima kubwa na ni ushahidi mzuri, lakini umiliki haujahama. Ili uhame, ukoo ukae kikao, muhtasari uandikwe na kusainiwa, mmoja wenu apendekezwe kuwa msimamizi wa mirathi, kisha aende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo ili ateuliwe. Msimamizi huyo ndiye mwenye mamlaka ya kukuhamishia gari TRA, au kuliuza na kugawa fedha. Ukipokea leo milioni 9 za huyo mtu wa Mererani, utakuwa umeuza mali ya mama na ndugu zako wote. Naye pengine atakwenda kubeba abiria kwenye lile vumbi la Mererani na gari ambalo kwenye karatasi bado ni la baba yako. Likimgonga mtu, unadhani polisi wataanza kugonga mlango wa nani?

Kwa hiyo wewe na mama watoto mmegombana mwezi mzima juu ya kuuza kitu ambacho hakuna kati yenu anayeweza kukiuza. Mwambie hilo. Lakini nakuomba sana, usilifanye ngao. Ukilitamka kwa sauti ya ushindi, utakuwa umeongeza kosa juu ya kosa.

Maana kosa lipo. Jina alilolipa gari lako lina uzito, na yeye amelichagua akijua anachosema. Bi Mkubwa ni yule aliyekuwepo nyumbani kabla yako, anayechotewa kwanza, na ukiuliza amechotewa kiasi gani unaambiwa hayakuhusu. Ulipotaja laki nne badala ya milioni 1.8, uliipa Land Rover cheo hicho kwa mdomo wako. Ile milioni 1.4 uliyoificha ilitoka katika nyumba ambayo naye anaijenga. Halafu akaja kuujua ukweli siku ileile aliyombeba mtoto kwenye mvua. Hebu kaa hapo kidogo, uione siku hiyo kwa macho yake.

Zungumza naye kabla hujanunua chochote. Mweleze yote, na kama kuna risiti nyingine zitoe zote siku hiyohiyo, hata za laki moja. Ukinunua IST kwanza na kuungama baadaye, ataiona IST kama kanga ya kumnyamazisha. Na binti yako naye muombe radhi kwa ile asubuhi ya mtihani. Mtoto wa darasa la saba anaelewa vizuri sana.

Nalisema hili nikiwa nimewahi kukaa upande wa mkeo. Marehemu mume wangu alikuwa na Peugeot 504. Alipenda kutuambia kwamba 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na watoto walikuwa wameshakariri. Mimi nilichoka kusukuma gari na nguo za kanisani. Nilimbana mpaka akaliuza, na hakunijibu neno. Baada ya hapo Jumamosi zilikuwa ndefu kwake: alitoka nje, akaenda mpaka pale lilipokuwa likiegeshwa, akarudi ndani. Nilikuwa na haki ya kuchoka. Lakini sikumuuliza hata mara moja lile gari lilikuwa nini kwake, na yeye hakuniuliza nimechoka kiasi gani. Sitaki yawakute ninyi.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe. Ndiyo, nunua IST. Na ndiyo, baki na Land Rover. Rafiki zako wamehesabu magari, hawakuhesabu kilometa.

Kutoka Usa River hadi mjini na kurudi, ukijumlisha mzunguko wa shule, tuseme ni kilometa 45 kwa siku. Land Rover ya petroli ya aina yako ikikupa kilometa 6 kwa lita, umebahatika. Hiyo ni lita saba na nusu kila siku. IST nzima ya injini ndogo itakwenda kilometa 12 au 13 kwa lita, yaani haifiki lita 4. Unaokoa karibu lita 4 kwa siku, na kwa siku 24 za kazi ni zaidi ya lita 90 kwa mwezi. Petroli ikicheza karibu na shilingi 3,000 kwa lita, hiyo inakaribia 280,000. Mkopo wa milioni 6 kwa miezi 24 ni 250,000 kwa mwezi kabla ya riba. Mafuta utakayoacha kuchoma yatabeba sehemu kubwa sana ya rejesho. Gari la pili likipumzika nyumbani nalo halili sana: ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa tangu mwaka wa fedha 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo gari lisipotembea hulipii. Inabaki bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, 118,000 kwa mwaka, na hiyo usiiache.

Lakini kuna sababu kubwa kuliko petroli. Wewe unaiua Land Rover ya baba yako. Series III ilitengenezwa kwa ajili ya kazi ya bwana shamba: tope, mawe, mizigo, mwendo wa taratibu. Wewe unaipeleka foleni ya mjini kila asubuhi, inasimama, inaondoka, inasimama, inachemsha. Gari la umri wa miaka arobaini na kitu ukilidai lisikose hata siku moja, litakuaibisha, nawe utaanza kulichukia. Likiondolewa kwenye kazi ya kila siku, siku likigoma hakuna mtihani utakaokosekana. Utavua shati, utafungua boneti, utaita binti yako akushikie tochi. Hilo ndilo gari unalolipenda, na kwa sasa umelikosa ingawa unaliendesha kila siku.

Kuhusu IST, usiagize Japani. IST za umbo la kwanza zilikoma kutengenezwa mwaka 2007, na gari lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Milioni 12 zako zitaishia bandarini. Tafuta iliyokwisha kutumika hapa nchini, namba D (herufi za usajili zinaanza na D), kutoka kwa mtu unayeweza kumfikia baadaye. Bei isivuke milioni 10. Zinazobaki ni za kubadili kadi, bima, oili, breki, na matairi kama yamezeeka. Nenda na fundi wako, mfike asubuhi injini ikiwa ya baridi, na kama muuzaji ameshaipasha moto kabla hamjafika, ulizeni kwa nini. Muisikilize giaboksi ikibadili gia. Muangalie na faini za trafiki kwa namba ya gari kabla hujatoa hata senti. (Mkiipata Toyota Probox safi kwa bei hiyo, msiikatae kwa sababu ya sura. Inabeba magunia.)

Na kadi ya hiyo IST iandikwe jina la mkeo. Usukani wake ni mwepesi na giaboksi ni otomatiki, ataendesha bila shida. Asubuhi anaweza kukushusha wewe kazini. Nalisisitiza hili kwa sababu kwa miaka yote hii mwenye leseni amekuwa abiria ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Land Rover nayo ipewe mfuko wake. Kaeni wawili mkubaliane kiasi, labda laki moja kwa mwezi, kiwekwe kwenye laini ya simu ambayo yeye pia anaona salio. Fundi akitaja laki sita na mfuko una laki mbili, gari linasubiri miezi minne. Usiikopee Saccos hata ikikulilia. Mkiona baada ya miaka miwili mfuko haujawahi kutosha, au ndugu zako kwenye kikao wakidai sehemu yao na huna cha kuwafidia, hapo mtazungumza kuuza, mkiwa wote mezani na kadi iko sawa. Wanunuzi wa Mererani hawatakwisha.

Kulaza gari pia kuna kazi yake. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu lakini chesisi ni chuma, na tope la Mbulu likikauka mle ndani huanza kula kimyakimya. Ukirudi safari osha uvungu kabla ya bodi. Kila wiki, ikizidi sana kila wiki mbili, itoe barabarani nusu saa mpaka injini ipate moto sawasawa. Kuiwasha dakika tano uani hakusaidii. Petroli ikikaa miezi hupoteza nguvu na kuacha utando kwenye kabureta, kwa hiyo usiijaze tangi ukijua haitembei. Chomoa waya mmoja wa betri. Matairi yasome ile namba ya tarakimu nne ubavuni, inakuonyesha wiki na mwaka yalipotengenezwa. Kashata nzuri, yaani yale meno ya tairi, haimaanishi kwamba mpira haujazeeka.

Safari yake ya kwanza ya maisha mapya iwe kwenda Mbulu, ninyi nyote na mama ndani ya picha moja. Nendeni Desemba, ndugu wengi wakiwa wamerudi nyumbani, ili kikao cha mirathi kifanyike palepale. Miaka imekuwa mingi, na mama hazidi kuwa kijana. Mpigie simu wiki hii umwombe atafute cheti cha kifo cha baba na kadi yenyewe kama iko kwake. Mpe muda, maana karatasi za namna hiyo wazee huziweka chini kabisa ya sanduku la nguo, na atataka kuzitafuta mwenyewe.

Shangazi