SWALI: Naogopa barabara ya Beni, je imani yangu ina kasoro? Na kiwanja cha bei rahisi huko ng'ambo ninunue?

Assalamu alaykum shehe. Mimi ni mfanyabiashara hapa Bwera, Uganda, mpakani na Kongo, nauza vitenge na samaki wakavu soko la Mpondwe, wateja wangu wengi wanatoka Kongo. Shemeji yangu yuko Beni, amenitafutia kiwanja njia ya kwenda Oicha, bei ni kama robo ya ile ya zamani manake mwenyewe alikimbia vita na mpwa wake ndo anauza. Nataka niuze kibanja changu (kipande changu cha ardhi) cha hapa nimalizie hela. Mke wangu ni Mnande wa huko huko, na anayeniitia kiwanja ni kaka yake, lakini amekataa kabisa, analia anasema nitauawa njiani. Na mimi kusema kweli naogopa. Sasa kuna odio inazunguka WhatsApp, shehe mmoja anasema anayeacha safari kwa kuogopa waasi wa ADF wanaoua raia huko imani yake ina kasoro kwa sababu kifo kimeshaandikwa, na anayemsikiliza mke katika hayo ni mwanaume dhaifu. Je napata dhambi? Na kiwanja ninunue?

JIBU:

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yangu, hiyo odio na mimi nimetumiwa, na watu tofauti tofauti, wengine wa Kasese wengine wa Bundibugyo, na wote wanauliza kama wewe. Ingekuwa ni mawaidha ya kawaida ningenyamaza, mashehe tunatofautiana kila siku na hakuna shida. Lakini hapa mtu anaweza kuisikiliza usiku, asubuhi akapanda gari, na watoto wake wasimuone tena. Ndo maana najibu, na nitajibu kwa urefu.

Kwanza hofu yako. Hofu ya mtu anayejua njia ina watu wenye mapanga na bunduki si dhambi, wala haigusi imani yako. Nabii Musa alayhi salaam Qur'ani inasema alitoka mjini akiwa na hofu huku akiangalia huku na huku (Sura ya 28 aya ya 21). Huyo ni Musa, mmoja wa mitume wakubwa, na Mwenyezi Mungu ameieleza hofu yake bila kumlaumu. Sasa nani atakuja kukulaumu wewe muuza samaki?

Ndugu yetu wa kwenye odio ushahidi wake mkubwa ni aya ya 78 ya Suratun Nisaa, kwamba popote mlipo mauti yatawafikia hata mkiwa ndani ya ngome madhubuti. Aya ni ya kweli, hakuna Muislamu anayeikataa. Lakini hebu afungue msahafu arudi nyuma kidogo tu, aya ya 71, sura hiyo hiyo, mazungumzo hayo hayo: Enyi mlioamini chukueni hadhari yenu. Ina maana Mwenyezi Mungu ametuamrisha hadhari kwanza halafu ndo akatukumbusha kwamba mauti hayakwepeki. Yeye amechukua ya pili akaitupa ya kwanza. Halafu asome aya ya 77 aone hayo maneno waliambiwa kina nani, waliambiwa watu waliofaridhiwa kupigana wakaanza kuomba wacheleweshewe. Hawakuwa watu wanaojadiliana kama wanunue kiwanja ama wasinunue! Na asonge mbele mpaka aya ya 102, pale inapofundishwa swala ya hofu, aone jeshi la Mtume linaambiwa kundi moja liswali na jingine lilinde, na wanaoswali washike hadhari yao na silaha zao. Mtu yuko ndani ya swala, mbele ya Mola wake, na bado anaambiwa ajilinde. Tawakkul (kumtegemea Allah) gani zaidi ya hapo?

Anasema pia ile aya ya "msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo" (2:195) isitumike hapa kwa sababu sahaba Abu Ayyub al-Ansari alieleza kwamba ilishuka kwa Ansari (wenyeji wa Madina) waliotaka kukaa na mali zao waache kutoa na kupigana. Ni kweli Abu Ayyub alisema hivyo. Lakini wanazuoni wa usuli (misingi ya sheria) wamekubaliana wengi wao kwamba kinachozingatiwa ni ujumla wa tamko, aya haifungwi kwenye sababu yake peke yake. Na kuna kisa cha Amri bin al-Aas katika msafara wa Dhatu Salasil, usiku wa baridi kali akapata janaba (hali inayomlazimu mtu kuoga kabla ya kuswali) akaogopa akioga atakufa, akatayamamu, yaani akajitwaharisha kwa udongo, akawaswalisha wenzake. Walipomshtakia Mtume (s.a.w) alijitetea kwa aya ya "msijiue" (4:29), Mtume akacheka na hakumwambia kitu. Kimepokewa na Abu Daud. Sasa Amri yule ni kamanda wa vita si mwoga, na alichokiogopa ni maji ya baridi tu, na akaacha kuoga ambako kulikuwa ni wajibu. Wewe unaogopa risasi, na unachotaka kukiacha si wajibu, ni biashara.

Kisa ambacho kingetosha peke yake ni cha Umar (r.a). Alikuwa anakwenda Sham (nchi za Syria) na masahaba, walipofika mahali panaitwa Sargh wakaambiwa kuna tauni, ile ya Amwas. Akashauriana na Muhajirina (waliohama Makka), akashauriana na Ansari, wakatofautiana, akawaita wazee wa Kikureshi, hao wakasema kwa kauli moja turudi, naye akaamua kurudi. Sahaba Abu Ubayda akamwambia, je unaikimbia qadari (makadirio) ya Allah? Yaani swali la odio hii hii, limeulizwa zamani na mtu bora kuliko sisi wote. Umar akamjibu, ndio, tunaikimbia qadari ya Allah kwenda kwenye qadari ya Allah. Akamwambia ungekuwa na ngamia ukashuka nao bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kavu, ukiwalisha kwenye majani si ni kwa qadari ya Allah, na ukiwalisha kwenye ukavu si ni kwa qadari ya Allah? Kisha akaja Abdurrahman bin Auf akawapa hadithi ya Mtume, mkisikia tauni iko nchi fulani msiingie, na ikitokea mlipo msitoke kwa kuikimbia, Umar akamshukuru Allah akarudi na watu wake. Iko Bukhari na Muslim. Shehe wa odio anachagua upande ambao Umar aliujibu mbele ya masahaba, na halitaji jibu lake hata kwa neno moja. Hilo limenihuzunisha kuliko yote, manake kisa hiki mwanafunzi wa madrasa anakijua.

Kuna sehemu anasema, mbona wanafunzi wa shule ya Lhubiriha waliuawa na waasi wakiwa wamelala Uganda hapa hapa, kwa hiyo kukaa nyumbani kumewasaidia nini? Wallahi niliposikia hapo nilizima simu kwanza. Wale watoto wa Mpondwe waliouawa usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wengine wakachomwa ndani ya bweni, hawakwenda kuitafuta hatari, hatari iliwafuata shuleni. Na wazazi baada ya pale waliomba nini? Waliomba walinzi. Hakuna aliyesema tuondoe milango kwa sababu kifo kimeandikwa. Usichukue msiba wa watu ukaufanya hoja ya kuwapeleka wengine kwenye msiba.

Na wako wanaojipa moyo kwamba mimi ni Muislamu nikikutana na hao waasi nitatoa salamu wataniacha. Usijidanganye. Mei 2021 shehe wa Beni alipigwa risasi ndani ya msikiti, na kosa lake ni kuwapinga hadharani. Wauaji wale jina la dini yetu wamelifanya vazi tu.

Sasa hukumu ya safari, ambayo kwa kweli ni fupi. Kinachoangaliwa ni dhana yenye nguvu, yaani lile unaloona lina uwezekano mkubwa. Ukipata habari kwa watu wanaojua kwamba njia kwa kawaida inapitika salama, unakwenda, na kinachobaki ni qadari. Ikiwa hatari ndo inashinda, haifai kwenda kwa jambo lisilo la lazima. Wanazuoni wetu wa Kishafii wameufanya usalama wa njia kuwa sehemu ya uwezo wa Hija, yaani nguzo ya tano ya Uislamu inamwondokea mtu mpaka njia itakapotulia, basi itakuwa kiwanja? Ila simaanishi kwamba kuvuka kwenda Kongo ni haramu kama wengine wanavyosema huku kwetu, hilo pia ni kosa. Watu wana ndugu kule, Wakonjo na Wanande ni damu moja, kuna misiba, kuna harusi, kuna soko la Kasindi hatua chache kutoka daraja. Kasindi mchana siku ya soko ni jambo moja na njia ya Oicha ni jambo lingine. Uliza madereva wa malori ya Fuso waliorudi jana, usiulize odio. Na usitembee peke yako, wala usiku, Mtume amesema lau watu wangejua ninayoyajua kuhusu upweke hakuna msafiri angesafiri usiku peke yake.

Tuje kwenye kiwanja, na hapa ndugu yangu nina wasiwasi zaidi kuliko kwenye barabara, japo wewe umeuliza barabara zaidi. Umesema bei ni robo. Kwa nini ni robo? Umejibu mwenyewe, mwenye mali alikimbia. Na anayeuza ni mpwa. Mpwa amepewa uwakala gani wa kuuza kwa niaba yake? Aliandikiwa? Mtume (s.a.w) alimwambia Hakim bin Hizam usiuze usichokuwa nacho, na amesema atakayechukua shubiri ya ardhi kwa dhuluma atavishwa shingoni ardhi saba siku ya Kiyama. Huyo mwenye kiwanja inawezekana kabisa yuko hapa hapa Uganda, kwenye kambi za wakimbizi za Kyaka II ama Kyangwali, anakaa chini ya turubali anasubiri siku ya kurudi kwake. Utaweza kuswali kwenye nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja chake?

Na hata mpwa akileta idhini ya kweli, bado kuna sharti la muuzaji kuweza kukukabidhi. Ardhi ambayo huwezi kufika, huwezi kuweka mtu, huwezi kujenga, unanunua karatasi, na Mtume amekataza biashara ya gharari, yaani ya kubahatisha. Halafu ujue sheria ya Kongo. Tangu sheria yao ya ardhi ya 1973 ardhi yote ni mali ya serikali, mtu anapewa haki ya kuitumia. Mwananchi anaweza kupata haki isiyo na ukomo, mgeni kama wewe unapewa ya muda, miaka 25 halafu unaomba upya. Watu wanasema Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 basi ni nyumbani, lakini kuingia kule hakujageuza sheria hiyo. Shemeji atakwambia tuandike jina lake. Sawa, na akifa leo, warithi wake wanakujua? Allah ametuamrisha kuandika na kuweka mashahidi hata kwenye deni dogo (2:282).

Kibanja chako usikiuze. Hicho ndo kinalisha watoto wako, na Mtume amesema yatosha mtu kuwa na dhambi kwa kuwapoteza anaowalisha. Tena kwa sheria ya Uganda ardhi ambayo familia inaishi na kula kwayo huwezi kuiuza bila mkeo kukubali. Kwa hiyo kumsikiliza si udhaifu. Mtume mwenyewe siku ya Hudaybiya masahaba walipochelewa kunyoa na kuchinja alichukua shauri la mkewe Ummu Salama na mambo yakanyooka. Mkeo amezaliwa kule, anayekuita ni kaka yake wa damu, na bado anakuzuia. Mwanamke wa namna hiyo anajua kitu. Rudi umwombe radhi kwa maneno uliyomwambia kama yapo, kisha mkae mzungumze.

Ukiwa na hela ya ziada panua duka Bwera, ama ongeza mzigo, Wakongo wanakuja wenyewe mpaka Mpondwe. Na kwa kuwa biashara yako ni ya mpakani hata hivyo, andika wasia, na madeni yako yote, uliyokopa na unayodai, mkeo ajue daftari liko wapi.

Shemeji mjibu kwa upole, pengine anakutakia heri tu. Mwambie haununui mpaka uongee na mwenye kiwanja mwenyewe. Akikupa namba yake nipigie, kama yuko Kyaka tutakwenda wote tukamuone, na kama kweli anataka kuuza kwa hiari yake, tutamuuliza bei anayoitaka yeye.

Wallahu aalam.