Kwa nini mchoro wangu wa nyota unapinduka?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi nje kidogo ya mji wa Arua, Uganda, ambako giza la usiku bado ni giza kweli. Mwezi wa Desemba nilikaa uani na darubini ya macho mawili iliyoandikwa 7x50 (yaani hukuza mara saba, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50), nikachora kundi la nyota liitwalo Kilimia saa mbili usiku. Nilipotoka tena saa nane kuhakiki mchoro, nilikuta nyota zimepinduka. Je, darubini ina hitilafu, au nilikosea kuchora? – Msomaji, Arua

JIBU: Ndugu msomaji, darubini yako ni nzima na mchoro wako hauna kosa. Saa mbili usiku mwezi wa Desemba Kilimia huwa upande wa mashariki; ifikapo saa nane kimekwisha kupita juu, kaskazini kidogo ya utosi (sehemu ya anga iliyo juu kabisa ya kichwa), nawe umelazimika kugeuka kuelekea magharibi ili ukione. Kwa kuwa Uganda imepitiwa na ikweta, nyota huchomoza karibu wima na kuzama karibu wima, hivyo kundi linalopita karibu na utosi huchomoza likiwa na upande mmoja juu, kisha huzama upande huohuo ukiwa chini. Mtazamaji wa Ulaya, ambaye nyota hizohizo humpitia kwa mshazari, huliona likiinama tu.

Basi kila mchoro uandikie tarehe, saa na upande wa magharibi. Huhitaji dira: kundi likiwa mashariki, magharibi ni karibu na sehemu ya juu ya duara la mchoro wako, na likiwa magharibi, ni karibu na sehemu ya chini. Likiwa utosini, tuliza darubini uone nyota zinatoka nje ya duara la darubini kwa upande gani, maana huko ndiko magharibi, nazo husogea karibu digrii moja kila dakika 4.

Kuhusu uchoraji wenyewe, zungushia penseli kisahani cha chai upate duara, kisha weka kwanza nyota angavu kuliko zote, Alcyone, na zile chache zinazoifuata kwa mwanga. Nyota hafifu usiipachike kwa kukisia; itafutie mbili ulizokwisha kuchora, uone pembetatu inayofanyika ni nyembamba au pana, ndipo uweke nukta. Karibu na Alcyone kuna mstari mfupi wa nyota hafifu unaopinda kama mkia, nao ni kipimo kizuri sana: ukiupata ukiwa mahali pake, vipimo vyako vingine navyo huenda ni sahihi. Mwanga uonyeshe kwa ukubwa wa nukta, kama alivyofanya mwanasayansi wa Italia Galileo Galilei mwaka 1610, alipochora nyota 36 za Kilimia, zile sita zinazoonekana kwa macho matupu akizifanya kubwa kuliko nyingine.

Tochi ifunike kwa kitambaa chekundu, na uyape macho nusu saa ya kuzoea giza kabla ya kuanza. Nakusihi pia usifungue ramani ya nyota hadi umalize, kwa sababu ukishaiona utachora ilichokuonyesha badala ya ulichokiona mwenyewe.

Mwezi wa Juni na Julai, fanya jaribio hilohilo upande wa kusini, kwenye mkia wa kundinyota liitwalo Nge, ambako kundi liitwalo Messier 7 linatosha vizuri ndani ya darubini yako.