Zawadi ndogo za bei chee Istanbul

Dada, Kapalıçarşı, lile soko kubwa lililoezekwa paa, kazunguke tu upige picha, zawadi kachukue Eminönü, mitaa ya Tahtakale nyuma ya soko la viungo, huko ndo kwenye maduka ya jumla. Mi nilipita mwaka juzi nikabeba zile shanga za jicho la bluu, nazar, nilizikuta zimebanwa kwenye kadi kumi kumi, nilivyofika Tanga nikazikata moja moja kila shangazi akapata yake, na huku kwetu nani hajui jicho la husuda, wamezifunga kwenye funguo mpaka leo. Lokum nayo wanapima kwa kilo, ni ndugu yake halua ila ya vipande, omba kuonja na ibonyeze kidogo, ikirudi laini chukua, ikiwa ngumu pembeni imeshakaa hiyo achana nayo. Ila usiende Jumapili, Kapalıçarşı inafungwa kabisa na Tahtakale maduka mengi yanakuwa yamefungwa pia, kama ndege yako ni Jumatatu asubuhi malizia manunuzi Jumamosi.