Kung'arisha alumini ya kusubu: kioo huanzia kwenye msasa

Karibu kila anayeanza kung'arisha alumini ya kusubu, yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, hukimbilia mashine. Anaona gurudumu la pamba likizunguka na kipande kikimeremeta, basi anadhani hapo ndipo mng'ao wa kioo unapopatikana. Nami nilianza hivyo. Kifuniko changu cha kwanza cha injini nilikipiga msasa namba 120 (namba ikipanda, msasa ni laini zaidi), nikakiona kimelainika, nikaruka hadi 400, kisha nikakipeleka kwenye mashine. Kilimeremeta kweli. Nilipokitoa juani, mistari ya 120 ilionekana yote, nayo inang'aa! Nilirudi mwanzo.

Gurudumu haliwezi kuondoa mkwaruzo mzito. Kwa hiyo muda wako mwingi utautumia kwenye msasa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kama uso bado una chengachenga za kalibu ya mchanga, anza na 80 au 120, kisha 180, 240, 320, 400, 600, na ukitaka kioo hasa, 800 na 1000. Kila ukibadili namba, badili na mwelekeo: kama 120 ulisugua kwa urefu, 180 sugua kwa kukatiza. Mistari ya zamani itajitokeza yenyewe, na hutaondoka kwenye namba hiyo mpaka mstari wa mwisho uishe. Shika taa pembeni, chini chini, mwanga ulale juu ya uso. Taa ya juu inaficha mambo.

Kuanzia 320 tumia maji yenye tone la sabuni ya vyombo. Alumini ni laini, vumbi lake huziba msasa, na msasa ulioziba haukati tena, unaburuza vibonge vinavyochimba mifereji mipya. Kabla ya kwenda namba inayofuata, osha kipande, osha mikono, mwaga maji ya ndoo. Punje moja ya 120 iliyobaki kwenye kitambaa inatosha kuharibu kazi ya 600.

Utakutana na vijishimo. Alumini inapoganda ndani ya kalibu huacha matundu ya gesi, na ukiyafukuza kwa msasa unafungua mengine yaliyokuwa chini. Mimi huyaacha yakiwa madogo. Pia alumini ya kusubu huwa na silikoni, mara nyingi asilimia 5 hadi 12, ndiyo maana kioo chake huelekea kijivu kidogo kuliko cha bamba. Usijilaumu kwa hilo.

Sasa mashine. Gurudumu la katani na dawa ya kung'arishia ya kahawia ndilo linaloanza, halafu pamba laini na dawa nyeupe. Kila dawa iwe na gurudumu lake, usichanganye kamwe. Paka kidogo, michirizi myeusi maana yake umezidisha. Fanya kazi chini ya kitovu cha gurudumu, na kwenye kingo hakikisha gurudumu linatoka nje ya ukingo, lisiuingie. Likiuingia, linakunyang'anya kipande na kukirusha kabla hujajua kimetokea nini. Vaa miwani na barakoa, funga nywele, kunja mikono ya shati, na glavu za kitambaa ziweke mbali kabisa.

Vumbi la alumini likitanda hewani linaweza kulipuka. Lifagie kila siku, wala usikate chuma kwa grainda karibu nalo. Na usinoe alumini kwenye jiwe la kawaida la kunolea vyuma: hujaa, hupata moto, na linaweza kupasuka.

Ukimaliza, nyunyiza unga wa ngano, futa kwa kitambaa laini. Unga hunyonya mafuta ya dawa yaliyobaki. Osha kwa sabuni ya kawaida, kausha, paka nta nyembamba, maana hewa huanza kuufifisha uso huo mara moja. Kipande kikichafuka baadaye usikitie kostiki soda. Inakula alumini, na kwenye ya kusubu huacha weusi utakaokurudisha kwenye 400.