Kijana wangu wa miaka 12 amebadilika: ni jini?

SWALI: Daktari, kijana wangu yuko darasa la sita hapa Arua. Tangu muhula uanze hataki kuongea, usiku halali, asubuhi kumwamsha ni vita, na ukimsemesha anafoka au analia. Mjomba wake anasema ameingiliwa na jini, na amepata mtu wa kumfungia ndani siku tatu, amsomee na kumchanja chale. Wengine wanasema nimpeleke bweni. Nifanyeje?

JIBU: Mama, mtoto asichanjwe chale. Hilo kwanza.

Mtoto wako anabalehe. Katika umri huu saa ya mwili husogea, na usingizi huja usiku zaidi kuliko alipokuwa na miaka minane. Anabaki macho mpaka saa tano bila kupenda, halafu saa kumi na moja alfajiri anaamshwa awahi masomo. Amelala kwa muda wa saa 6 tu, na mwili wake unadai saa 9 au zaidi. Hasira nazo zinawaka mapema, ilhali sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kuzipima, hukomaa baada ya miaka 20. Ndiyo maana ukimuuliza "kwa nini umefanya hivi?" anasema "sijui", na mara nyingi hajui kweli. Huko kutojua ndiko watu wanakokuita jini, na mtoto anapigwa kwa hilo.

Waganga hawa wananichosha. Nimeshafungua shati la mtoto nikakuta mistari ya wembe kifuani, unga mweusi umejazwa ndani, usaha umetunga chini yake. Wembe huo ulikuwa umepita kwa nani kabla? Pepopunda, homa ya ini, virusi vya UKIMWI, vyote vina njia hapo. Mtoto akirudi kimya wanasema amepona. Amenyamaza kwa hofu, na kama kuna linalomsumbua, sasa hatalisema.

Bweni nalo, akipelekwa kama adhabu, ataelewa kuwa amefukuzwa.

Mpe mtu mzima mmoja anayemwamini. Baganda wana ssenga, shangazi anayewafunda wasichana. Wavulana wetu tumewaacha wajifunze kwa wenzao. Asimkalishe kumhoji. Waende pamoja kuchota maji au kumenya mihogo, maneno yatakuja. Aambiwe kuhusu ndoto nyevu kabla hajadhani anaumwa.

Akianguka kifafa, akisikia sauti wengine wasizozisikia, akiacha kula, akijikata au akisema anataka kufa, mlete hospitali siku hiyohiyo. Huo ni ugonjwa, na una tiba.

Muulize pia, kwa upole, kama kuna anayemuumiza. Viboko shuleni vimekatazwa na sheria ya Uganda tangu 2016, lakini bado vinapigwa. Na wazazi wote: yeyote anayetaka kubaki na mtoto wenu peke yake kwenye chumba kilichofungwa, awe ameshika tasbihi, Biblia au hirizi, msimpe. Kama mtoto tayari yuko mikononi mwake, pigeni 116, simu ya Sauti ya kulinda watoto. Ni bure.