Thiago Silva: beki yuleyule, kwa nini PSG alilaumiwa na Chelsea akasifiwa?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: ilikuwaje Thiago Silva akacheza soka la juu hadi kupita miaka 40 bila kuwa na mbio za kutisha, na kwa nini Paris Saint-Germain (PSG) ya Ufaransa aliitwa mwoga halafu Chelsea akapewa heshima zote. Kwangu jibu ni moja. Huyu ni beki anayeishi kwa kuwahi mahali pa kusimama kabla mpira haujafika. Beki wa aina hiyo hutegemea mno ukubwa wa uwanja ulioachwa mgongoni mwake, na waliosimama kushoto na kulia kwake. Pitia klabu zake utaliona.

Mwanzo wake wengi wanauruka. Alizaliwa Rio de Janeiro Septemba 1984, akapita timu za vijana za Fluminense akicheza kiungo, na klabu kadhaa za mjini zikamkataa kwenye majaribio. Ikabidi aende kusini, RS Futebol kisha Juventude ya Caxias do Sul, na ni Juventude ya 2004 iliyomtangaza kama beki wa kati. Porto wakamchukua mwaka huohuo lakini akaishia timu B. Mwaka 2005 akapelekwa Dynamo Moscow, akagundulika ana kifua kikuu, akalazwa takriban miezi sita. Urusi hakucheza hata mechi moja ya mashindano. Alikaribia kuacha mpira kabisa.

Fluminense wakamrudisha nyumbani 2006. Mwaka 2007 wakachukua Copa do Brasil, na 2008 wakafika fainali ya Libertadores, ligi ya mabingwa ya Amerika Kusini, dhidi ya LDU Quito ya Ecuador: wakafungwa 4-2 ugenini, wakashinda 3-1 Maracanã, wakapoteza kwa penalti. Ule ujana wa kiungo ndio uliomfanya apokee mpira kwa utulivu namna ile. Mabeki wengi wa rika lake walikuwa wanabutua tu.

AC Milan ya Italia walimsajili dirisha la Januari 2009, lakini nafasi za wachezaji kutoka nje ya Umoja wa Ulaya zilikuwa zimejaa. Kwa hiyo alifanya mazoezi na timu karibu nusu msimu bila kuruhusiwa kucheza ligi. Watu huihesabu kama hasara, mimi naona ilimjenga: alikaa miezi kadhaa mazoezini pamoja na mabeki wakongwe Maldini na Nesta. Alipoanza msimu wa 2009/10, Nesta akawa mwenzake katikati ya ulinzi. Msimu wa 2010/11 chini ya kocha Allegri, Milan wakabeba Scudetto, yaani ubingwa wa Italia, wakiwa wamefungwa mabao 24 katika mechi 38. Kiangazi cha 2012 akauzwa PSG pamoja na Ibrahimović, huku Nesta, Gattuso, Seedorf na Inzaghi nao wakiondoka. Milan hawakuchukua tena ubingwa huo hadi 2022.

Sasa tuje kwenye ufundi wenyewe, maana hapa ndipo vijana wanaocheza nyuma wanaweza kuchota kitu. Ukimtazama Silva, usifuate mpira. Mtazame yeye wakati mpira uko mbali.

Kwanza, mwili wake hauangalii mpira moja kwa moja. Husimama upande, bega moja kwa mpira na jingine kwa goli lake, ili akilazimika kukimbia nyuma asipoteze muda kugeuka. Beki mwenye mbio anaweza kugeuka akachelewa na bado akamfikia mshambuliaji. Asiye na mbio akikosea mkao, kazi imekwisha.

Pili, humsoma mpigaji pasi kuliko mshambuliaji. Kiungo wa adui akiwa ameinua kichwa na hakuna anayembana, Silva hurudi hatua mbili tatu kabla mguu haujagusa mpira. Kiungo huyo akigeuza mgongo au akibanwa, Silva hupanda na kuita wenzake wapande, mshambuliaji anabaki kwenye mtego wa kuotea. Makosa ya mabeki wengi ni kusubiri pasi itoke ndipo waanze kurudi.

Tatu, hubaki wima. Kujitupa chini kwake ni hatua ya mwisho, na alipokiuka kanuni hiyo ilimgharimu. Aprili 2021 dhidi ya West Brom alijitupa kuzuia shuti akamgonga mpigaji huku tayari ana kadi ya njano. Akatoka dakika ya 29 Chelsea wakiongoza, wakaishia kufungwa 5-2.

Ana kasoro moja inayojirudia ambayo haisemwi vya kutosha: mkono. Akiruka kugombea mpira wa juu, mkono wake mmoja hupanda. Machi 2015 akiwa na PSG pale Stamford Bridge, uwanja wa Chelsea, alisababisha penalti namna hiyo kwenye muda wa nyongeza, kisha dakika ya 114 akafunga kwa kichwa na PSG wakapita kwa bao la ugenini. Miezi mitatu baadaye akarudia akiwa na Brazil dhidi ya Paraguay kwenye Copa América. Februari 2022 akarudia tena kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Palmeiras; Chelsea wakashinda 2-1 muda wa nyongeza, na yeye akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. Urefu wake ni kama sentimita 183, si jitu, hivyo hutumia mikono kupata msukumo wa kuruka. Unayefundisha vijana, wazoeshe kuruka viwiko vikiwa chini ya usawa wa mabega.

Kuhusu PSG. Alikaa miaka minane, mechi 315, ubingwa wa ligi mara saba, muda mwingi akiwa nahodha. Nyumbani Ufaransa timu ilikuwa na mpira muda wote, hivyo hakusukumwa sana. Tatizo lilikuwa usiku wa Ulaya, yaani mechi za Ligi ya Mabingwa. Machi 2017 walikwenda Barcelona wakiwa na mabao 4-0 mkononi (mechi ya kwanza Silva hakucheza), na tangu dakika za mwanzo mabeki wakazama ndani ya eneo lao la hatari. Suárez akafunga dakika ya tatu, mwisho ukawa 6-1. Lawama zikamwangukia Silva kama nahodha, na kwa sehemu ni haki, kwa sababu beki wa kati ndiye anayepandisha mstari. Ila mstari haupandi kama viungo hawambani mwenye mpira: ukipanda bila hilo, unapigiwa mpira wa mgongoni. Alichagua kuzama. Msimu uliofuata kocha Emery akamweka benchi ugenini kwa Real Madrid, akaanza beki kijana Kimpembe, wakafungwa 3-1.

Kocha Tuchel ndiye aliyelielewa jambo hili. Alimfundisha PSG hadi fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Agosti 2020 waliyofungwa 1-0 na Bayern, mechi ya mwisho ya Silva pale. Akasajiliwa Chelsea bure akiwa anakaribia miaka 36. Mechi yake ya kwanza ya ligi, ugenini West Brom, alikuwa mtu wa mwisho katika mstari ulio juu. Mpira ukamponyoka mguuni, mshambuliaji wao Robinson akakimbia peke yake akafunga. Hapo wengi walimwandika ameisha. Januari 2021 Tuchel akatua Chelsea, akaweka mabeki watatu: Silva katikati, Azpilicueta kulia, Rüdiger kushoto. Rüdiger ana mbio za kufukuza mipira ya pembeni, Azpilicueta anatoka kubana mapema, na mbele yao kuna viungo wawili. Kazi ya Silva ikabaki kusoma, kupanga na kupiga pasi ya kwanza. Mei wakachukua Ligi ya Mabingwa kwa 1-0 dhidi ya Manchester City, ingawa yeye alitoka kwa maumivu dakika ya 39 akaingia Christensen.

Mpango huohuo wa mabeki watatu ukaonekana tena Marekani 2025. Alikuwa amerudi Fluminense mwaka mmoja kabla na kuikuta mkiani mwa ligi, wakanusurika kushuka siku ya mwisho. Kwenye Kombe la Dunia la Klabu, kocha Renato Gaúcho akamweka kati ya Ignácio na Freytes, wakaifunga Inter ya Italia 2-0 na Al Hilal ya Saudi Arabia 2-1, kisha Chelsea wakawatoa nusu fainali 2-0 kwa mabao ya João Pedro. Desemba mwaka huo akasaini Porto, klabu iliyomwacha timu B miaka ishirini nyuma.

Ukitaka mechi moja tu ya kujifunzia, chukua hiyo ya Inter. Bao la mshambuliaji wao Cano liliingia dakika ya tatu, hivyo karibu mechi nzima Fluminense wanalinda uongozi. Hesabu Silva anageuza kichwa mara ngapi kabla ya kila krosi, na uangalie anavyowasogeza Ignácio na Freytes kwa mkono.