Kona ya Gemu: Pete imeuzwa chini ya bei ya dhahabu yake

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu gemu moja, Old School RuneScape ya kampuni ya Jagex ya Uingereza. Tangu 2018 inachezwa kwenye simu, na akaunti ya bure inakufikisha mbali kabla hujafikiria kulipia. Wasomaji wanauliza zaidi juu ya usonara, ambao kwenye skrini umeandikwa Crafting, na uhunzi, ulioandikwa Smithing. Bei za sokoni hubadilika kila siku, kwa hiyo bei tunazotaja hapa ni za mfano tu. Hesabu za levo, pointi na malighafi ni za gemu yenyewe.

Habari za kazi. Nina levo 34 ya usonara. Nilinunua miche ya dhahabu na yakuti nyekundu, nikatengeneza pete karibu mia mbili. Kila pete inauzwa chini ya gharama yake. Nakosea wapi? (Msomaji, Igoma)

Pete zako hazina kasoro. Ulichokosa ni kumjua unayeshindana naye. Kwenye soko la Grand Exchange, anayenunua mche wa dhahabu mara nyingi hatafuti faida, anatafuta pointi za uzoefu. Yuko tayari kula hasara ili apande levo, na akimaliza anamwaga pete zake sokoni kwa bei yoyote atakayopewa. Watu kama hao ni maelfu. Kwa hiyo malighafi inapanda, bidhaa inashuka, na wewe umekaa katikati.

Pete ya yakuti nyekundu inatoa pointi 70. Kama umepoteza sarafu 140 kwa kila pete, maana yake umenunua pointi kwa sarafu 2 kila moja. Andika hivyo kwenye daftari, chini ya karo, si chini ya biashara. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wachezaji wengi wanaotuandikia hawana daftari. Wanakumbuka bei ya kuuzia tu. Bei ya jiwe, ya mche na ushuru wa soko wameshasahau.

Faida inakaa kwenye kazi ambayo watu hawaitaki. Nenda soko la samaki la Kirumba Mwaloni, Mwanza, uangalie dagaa. Wale walioanikwa mchangani wanaishia kwenye chakula cha kuku, na wale walioanikwa juu ya chanja wanapata bei ya mezani. Samaki ni yuleyule wa ziwa hilohilo. Kilicholipwa ni ile kazi ya kusuka chanja na kugeuzageuza. Kwenye gemu ni hivyohivyo: tafuta hatua yenye pointi chache, au inayodai ujuzi wa aina mbili kwa pamoja.

Mfano mzuri kwa akaunti ya bure ni hirizi ya nguvu, ambayo sokoni utaikuta kwa jina la Amulet of strength. Wapiganaji wapya wanaivaa, kwa hiyo mahitaji yake hayaishi. Inataka levo 50 ya usonara na levo 49 ya uchawi, na hapo ndipo wengi wanakomea. Kazi zake ni tatu. Kwanza, kwenye tanuri, mche mmoja wa dhahabu na yakuti nyekundu moja iliyochongwa vinatoa hirizi isiyo na kamba, pointi 85. Pili, unaitia kamba kwa donge moja la uzi wa sufu, pointi 4 tu, na ndiyo sababu watu wanairuka. Tatu, unaisomea uchawi wa Lvl-3 Enchant, unaokula runi (vijiwe vya uchawi) moja ya Cosmic na runi 5 za moto. Shika mkononi fimbo ya moto na hizo runi za moto hazitahitajika tena, inabaki Cosmic peke yake.

Usifanye hirizi moja moja mpaka mwisho. Maliza hatua moja kwa mzigo wote ndipo uanze inayofuata. Mkoba una nafasi 28. Tanurini unabeba kalibu 1, miche 13 na mawe 13. Kutia kamba, hirizi 14 na madonge 14. Kwenye uchawi, runi zote zinakaa nafasi moja na hirizi 27 zinajaza zilizobaki. Kwa hirizi 130, hiyo ni safari 10 za tanuri, 10 za kamba na 5 za uchawi.

Sasa daftari. Tuseme mche ni 110, yakuti 700, sufu 90, Cosmic 100. Jumla 1,000. Soko linamkata muuzaji asilimia 2, kwa hiyo ukiuza 1,020 unapokea 1,000 kamili na umefanya kazi ya bure. Ukiuza 1,150 unakatwa 23, unabaki na faida ya 127. Kwa hirizi 130 ni sarafu 16,510. Juu yake kuna pointi 11,570 za usonara na 7,670 za uchawi ambazo safari hii hukuzinunua. Pima muda wako kwa saa ya simu, ugawanye hiyo faida, ndipo uamue kama kazi inalipa.

Kwa kuwa wewe uko 34, kazi ya kukushikilia ni kutengeneza ngozi. Mtengeneza ngozi wa mji wa Al Kharid anatoza sarafu 1 kwa ngozi laini na 3 kwa ngozi ngumu. Beba ngozi mbichi 27 na sarafu kwenye nafasi ya 28. Hakuna pointi hata moja, na ndiyo maana pengo la bei kati ya ngozi mbichi na iliyotengenezwa huwa linabaki.

Shikamooni. Mimi ni mwanafunzi, nipo Nyegezi, natumia akaunti ya bure. Njia fupi ya kufika levo 50 ya usonara ni ipi, na ninunue vitu vingapi? (Msomaji, Nyegezi)

Marahaba. Anza na glovu za ngozi, kila moja pointi 13.8. Glovu 59 zinakuvusha levo 8. Ukishona 58 utakosa pointi moja kasoro kidogo, kwa hiyo usibane. Unahitaji ngozi laini 59, sindano, na nyuzi 12, kwa sababu uzi mmoja unashona glovu 5. Weka sindano ya akiba, huwa zinavunjika.

Levo 8 hamia hirizi za dhahabu tupu, pointi 30 kila moja. Ukitengeneza 183 utavuka levo 23. Mkoba: kalibu ya hirizi na miche 27.

Kuanzia 23 unatengeneza taji dogo la fedha, Tiara, pointi 52.5 kwa mche mmoja wa fedha bila jiwe lolote. Kufika levo 50, yaani pointi 101,333, unahitaji miche 1,811, safari 68 za miche 27. Inachosha, lakini hakuna kitu cha pili cha kununua wala cha kusahau. Kalibu zinauzwa kwenye duka la usonara la Al Kharid, na kuingia mjini kupitia lango unalipa sarafu 10.

Tanuri bora ni la Edgeville kwa sababu benki iko karibu. Makosa tunayoyasikia sana hapo ni mawili: kuweka kalibu benki pamoja na bidhaa, na kuacha idadi kwenye 1 badala ya zote. La tatu si kosa lako ila ni la kujihadhari nalo. Kaskazini ya Edgeville kuna mtaro, na ng'ambo yake ni Wilderness, ambako mchezaji mwingine anaweza kukuua na kuchukua mzigo. Mtu akikuita uvuke akakuonyeshe "dili", baki kwenye tanuri. Na mtu akikuomba deraya akupambie, usimpe: hakuna ujuzi wa namna hiyo kwenye gemu.

Wahariri, mimi ni mhunzi. Nayeyusha chuma, nusu ya mawe yanapotea. Je, simu ina tatizo? Na nikiwa kwenye meli ya Nansio mtandao ukikatika, napoteza mali? (Msomaji, Ukerewe)

Simu ni nzima. Chuma cha kawaida kinafaulu nusu kwa nusu. Mawe 28 yanatoa miche kama 14, na huo ni mpango wa gemu. Chuma cha pua hakipotei kamwe: jiwe 1 la chuma na makaa ya mawe 2 kwa mche mmoja, levo 30. Mkobani beba mawe 9 na makaa 18.

Kama bado uko chini, usihangaike kupanda hadi levo 30 kwa kuyeyusha chuma peke yake. Fanya The Knight's Sword, moja ya kazi za hadithi ambazo gemu inaziita quest. Inataka levo 10 ya uchimbaji, pai ya Redberry, miche 2 ya chuma na sururu, na inalipa pointi 12,725 za uhunzi kwa mkupuo. Anayeanza na levo 1 anatokea levo 29. Jiwe la bluu utakalotumwa kuchimba liko kwenye pango la barafu lenye majitu, basi ingia na chakula na uchukue mawili, moja la akiba. Kutoka hapo kuyeyusha miche 52 ya chuma kunakupeleka 30.

Kati ya 30 na 48, mche mmoja wa chuma cha pua unakupa pointi 17.5 ukiyeyusha na 37.5 ukifua, jumla 55. Inatoka miche kama 1,267, yaani makaa 2,534. Pointi za kufua ni zilezile kwa mche hata ukitengeneza kisu au upanga, kwa hiyo chagua kinachouzika siku hiyo. Fuawe rahisi liko Varrock, karibu na benki ya magharibi.

Levo 48 inafungua deraya ya chuma cha pua, miche 5. Beba nyundo na miche 25, unatoka na deraya 5. Deraya hii ina kitu kizuri: mwenye levo 55 ya uchawi akiisomea High Level Alchemy, uchawi wa kugeuza kitu kuwa sarafu, anapata sarafu 1,200, bila ushuru wa soko. Uchawi huo unakula runi 1 ya Nature na 5 za moto, ambazo fimbo ya moto inazifidia. Tuseme Nature ni 100. Inabaki 1,100, gawanya kwa 5, mche usikugharimu zaidi ya 220. Ukikuta mche uko 230 sokoni, uza miche yako na uache nyundo ipumzike. Hesabu hii ndiyo inayozuia bei ya deraya isianguke sana: ikishuka, wenye uchawi wanazinunua na kuziyeyusha kuwa sarafu.

Kuhusu meli: mtandao ukikatika ukiwa tanurini, kila mche ulioshaiva umehifadhiwa kwenye seva na mawe yaliyobaki yako mkobani. Hatari ni kukatikiwa ukiwa mbele ya adui, maana mhusika wako anabaki pale akipigwa kwa muda. Ofa zako za sokoni zinaendelea kufanya kazi hata simu ikiwa imezimwa, hivyo ziweke kabla ya kupanda, upokee ukifika Nansio.

Nimefungua akaunti juzi, soko linakataa nisiuze mawe ya chuma. Nimefungiwa? (Msomaji, Buswelu)

Hapana. Akaunti mpya ya bure inazuiwa kuuza baadhi ya malighafi mpaka ifikishe saa 20 za kucheza, jumla ya levo 100, na pointi 10 za kazi za hadithi (Quest Points). Kizuizi kiliwekwa kuzuia roboti, yaani programu zinazocheza badala ya mtu. Fanya kazi ndogondogo za mwanzo, kitaondoka chenyewe.

Kuna jamaa ananunua sarafu za gemu kwa hela ya simu. Niuze? (Msomaji, Sengerema)

Usiuze. Sheria za gemu zinakataza, na adhabu yake ni kufungiwa akaunti pamoja na levo zote ulizohangaikia. Njia halali ya kugeuza sarafu kuwa kitu cha thamani ni Bond: unainunua palepale Grand Exchange, inakupa siku 14 za uanachama, yaani akaunti ya kulipia. Mwanachama anapata nafasi 8 za ofa sokoni badala ya 3, na kwa mfanyabiashara hilo pekee lina uzito.

Ofa zangu zinakaa siku nzima bila kuuzwa, wenzangu wanauza. Napangaje bei? (Msomaji, Kirumba)

Kwanza jua bei mbili, ya kununua na ya kuuza. Nunua kipande kimoja kwa bei ya juu makusudi, kisha kiuze kwa bei ya chini. Pale uliponunulia ndipo wauzaji walipo leo, pale ulipouzia ndipo wanunuzi walipo. Ukiuza chini ya ofa ya mnunuzi aliyetangulia, soko linakupa bei yake yeye, si uliyoandika, kwa hiyo jaribio hili linagharimu kidogo. Kumbuka pia kila bidhaa ina kikomo cha kununua kwa kila saa 4. Ofa ya malighafi ikigoma katikati, huenda umefika ukomo wala si bei.

Halafu angalia ushuru. Unahesabiwa kwa kila kipande na sehemu ya sarafu inaachwa. Kitu cha bei chini ya 50 hakikatwi. Cha 100 kinakatwa 2, unapata 98. Cha 99 kinakatwa 1, unapata 98 ileile. Hirizi ya 1,150 inakuachia 1,127, na ya 1,149 inakuachia 1,127 vilevile. Kila unapotaka kuandika bei inayogawanyika kwa 50, punguza sarafu moja. Mfuko wako hautajua tofauti, na ofa yako itauzwa kabla ya ya mwenzako aliyeandika 1,150.